Kobe wa Changuu na lile neno "hawa si wa hapa"

Najua nimepotea kidogo. Mitihani inanyemelea, vimbweta vimejaa mpaka saa sita usiku na madesa yamepanda bei. Leo siandiki habari za bumu wala foleni ya kafeteria. Leo ni historia, tena historia ya mnyama. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Imetokana na ubishi. Kwenye semina moja tulikuwa tunajadili uhifadhi wa visiwani, mwenzetu mmoja akasema wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, pale Zanzibar, si wa kwetu. Eti waliletwa enzi za Mwingereza, kwa hiyo hakuna sababu ya nchi kuhangaika nao, bora nguvu ziende kwa wanyama wetu halisi. Watu wakacheka, mjadala ukahamia kwingine. Mimi sikucheka sana. Mnaonifahamu mnajua mimi ni mtoto wa Katumba, kule Mpanda, na kwa mtu wa Katumba maneno "hawa si wa hapa, waliletwa" hayapiti sikioni hivi hivi. Nitafika huko. Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, maana wengi tunamuona kwenye picha za watalii tu.

MNYAMA MWENYEWE

Tusichanganye mambo. Kasa ni wa baharini, miguu yake imekuwa kama makasia, na jike hupanda ufukweni kutaga tu. Kobe ni wa nchi kavu. Huyu wa Changuu ni kobe, tena ni kati ya kobe wakubwa kabisa waliobaki duniani. Dume lililokomaa lina wastani wa kilo 250, yaani magunia mawili na nusu ya mahindi ambayo kule kwetu tunapakia kwenye mabehewa ya reli ya Mpanda. Jike ni jepesi kidogo, kama kilo 160. Gamba la dume hufika urefu wa sentimita 120 hivi. Wanasayansi wanamwita Aldabrachelys gigantea, kwa sababu kwao hasa ni Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilichoko kaskazini-magharibi ya Madagaska, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya Shelisheli.

Huko Aldabra hakuna swala, hakuna nyati, hakuna ng'ombe. Kazi ya kula majani, kukanyaga njia vichakani na kusambaza mbegu kwa kinyesi inafanywa na kobe. Kwa hiyo ukitaka kumfananisha na mnyama wa Katavi, usimfikirie kobe mdogo unayemkuta porini, mfikirie nyati. Ndiye mla majani mkuu wa kisiwa.

Anaishi miaka mingi sana. Kuna mmoja aliyeitwa Adwaita, alikufa mwaka 2006 kwenye bustani ya wanyama ya Kolkata, India, na ilisemekana alikuwa na miaka kama 250. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, kwa hiyo hiyo tuiache kama ilivyosemwa. Lakini yupo Jonathan, kobe wa jamii hiyohiyo, ambaye aliingia kisiwa cha Saint Helena mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa shikeni hapa, maana habari yote inayofuata inasimama juu ya jambo hili: mnyama anayeishi hivyo anazaa polepole vilevile. Inamchukua miaka 20 hadi 30 kufikia umri wa kuzaa. Jike huchimba shimo, hutaga mayai kati ya 9 na 25, hufukia na kuondoka zake. Mengi ya mayai hayo hayaanguliwi. Yanayoanguliwa huchukua kama miezi minane, na joto la udongo ndilo linaloamua: udongo ukiwa wa moto wanatoka zaidi majike, ukiwa wa baridi wanatoka zaidi madume. Kitoto kinatoka kinatosha kwenye kiganja, hakina mama wa kukilinda, na kila kitu kinakitamani: panya, paka, kaa, ndege.

Kwa hiyo kobe mzima mmoja akiondolewa kisiwani, nafasi yake inajazwa na mwingine baada ya robo karne. Ni kama duka ambalo mteja anachukua bidhaa leo, mzigo mpya unafika akiwa na wajukuu.

WALIOTANGULIA KUFA

Zamani kobe wakubwa hawakuwa kitu cha ajabu katika Bahari ya Hindi. Visiwa vya Morisi, Réunion na Rodrigues vilikuwa na kobe wao, aina tano tofauti kwa jumla. Hawakuwa na adui, kwa hiyo hawakujua kukimbia wala kuogopa.

Halafu zikaja merikebu za Ulaya kuanzia karne ya 17. Mabaharia wakagundua kwamba kobe anaweza kukaa miezi bila chakula wala maji na bado akawa hai. Kwa watu wasio na friji hiyo ilikuwa ni zawadi kutoka mbinguni. Waliwabeba kwa maelfu, wakawarundika chini ya sitaha, wakawa wanachinja mmoja mmoja njiani. Na panya, paka na nguruwe walioletwa na merikebu hizohizo wakamalizia mayai na vitoto. Kufikia katikati ya karne ya 19 aina zote tano zilikuwa zimekwisha. Zote. Hakuna hata moja iliyobaki ili tuihifadhi.

Aldabra ilipona kwa sababu ni mbali, haina maji baridi ya kutegemewa, na mwamba wake ni mkali kama wembe, hata viatu vinachanika. Yaani ubaya wa mahali ndio uliowaokoa. Lakini mwaka 1874 zilivuma habari kwamba kisiwa kinakodishwa kwa watu wa kukata miti. Hapo kikundi cha wanasayansi wa Uingereza, akiwemo Charles Darwin mwenyewe pamoja na Joseph Hooker, Richard Owen na Albert Günther, wakamwandikia gavana wa Morisi, maana wakati huo Shelisheli na visiwa vyake vilikuwa chini ya Morisi. Waliomba kobe wa Aldabra walindwe. Na walipendekeza jambo moja la maana kwa habari yetu: kwamba baadhi ya kobe, madume na majike, wahamishwe na kuwekwa kwenye eneo lenye uzio la serikali, Morisi au Shelisheli, ili hata Aldabra ikiharibika wasiishe wote.

Mkulima yeyote anaelewa hiyo. Mbegu zote huziweki kwenye ghala moja, maana moto haubishi hodi. Kwa hiyo kumhamisha kobe wa Aldabra halikuwa jambo la kuchezea tu wanyama wa ajabu. Tangu karne ya 19 ilikuwa ni njia mojawapo ya kumwokoa.

KISIWA CHA CHANGUU

Changuu ni kisiwa kidogo sana, urefu wake mita 800 hivi, kilomita chache tu kutoka Mji Mkongwe. Jina lake limetokana na samaki changu. Miaka ya 1860 Sultani Majid aliwapa kisiwa hicho Waarabu wawili, nao wakakitumia kuwafungia watumwa waliokaidi kabla ya kuwauza au kuwasafirisha. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Zanzibar chini ya Waingereza, alikinunua kwa niaba ya serikali ili kujenga gereza. Jengo likakamilika mwaka 1894, lakini halikutumika kufungia wahalifu. Kikageuzwa kuwa karantini ya wasafiri wa meli walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Ndiyo maana mpaka leo watalii wanakiita kisiwa cha gereza, ingawa wageni wake wengi walikuwa wagonjwa.

Kwa hiyo oneni wenyewe: kisiwa cha watumwa waliong'olewa kwao, halafu cha wasafiri waliozuiwa kuingia mjini. Na mwaka 1919 wakaja wageni wengine. Gavana wa Shelisheli aliipa Zanzibar zawadi ya kobe wanne kutoka Aldabra, nao wakawekwa hapo.

Wanne tu! Lakini walipata majani, walipata kivuli, na hakuna aliyewasumbua. Kufikia mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kutoka wanne hadi 200 ndani ya miaka 36, kwa mnyama niliyewaeleza hapo juu kwamba anazaa polepole, ni ushahidi kwamba mahali palimfaa. Ile hoja ya ghala la pili ilikuwa imetimia, na aliyeitimiza pengine hakuwa na habari na barua ya 1874. Zawadi ya heshima kati ya watawala wawili ikageuka mbegu.

BANDUBANDU HUMALIZA GOGO

Sasa sikilizeni hesabu nyingine. Mwaka 1988 walikuwa wamebaki 100. Mwaka 1990 walikuwa 50. Mwaka 1996 walikuwa 7.

Nimeiangalia hiyo mistari mitatu mara nyingi. Kutoka 100 hadi 50 ndani ya miaka miwili ni kama kobe wawili kila mwezi. Halikuwa gonjwa. Haukuwa ukame. Ulikuwa ni wizi. Watu wa nje walikuwa wanataka kobe wa kufuga nyumbani, na wengine walitaka nyama. Kobe hakimbii, hapigi kelele, hang'ati mtu. Mdogo unamtia kwenye kikapu, mashua inaondoka, basi. Tena kile kilichomsaidia baharia wa zamani ndicho kilichomsaidia na mwizi wa sasa: unaweza kumficha mnyama huyu siku nyingi bila kumlisha na asife.

Na hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Ukiiba kobe wawili kwa mwezi kwenye kundi la 100, kwa macho huoni tofauti. Mgeni anayefika leo anaona kobe wengi, anapiga picha, anaondoka ameridhika. Mwaka unaofuata wapo wachache kidogo, lakini nani alihesabu? Kundi la kuku likiibwa hivyo mwenye kuku anajua kesho yake, na baada ya miezi michache vifaranga vinaziba pengo. Kwa kobe pengo halizibiki. Ndiyo maana wazee walisema bandubandu humaliza gogo.

Mwaka huohuo wa 1996 vitoto 80 vililetwa kisiwani ili kuongeza idadi. Na ndani ya vitoto hivyo, 40 vikatoweka. Nusu! Yaani watu waliona uokoaji wenyewe kama mzigo mpya umeingia sokoni.

Hapo ndipo serikali ya Zanzibar kwa kushirikiana na WSPA, shirika la kimataifa la kutetea wanyama, walipofanya jambo ambalo halina ufundi wa ajabu hata kidogo: walijenga eneo kubwa lenye uzio, wakaanza kulinda na kuhesabu. Kufikia mwaka 2000 kulikuwa na wakubwa 17, wa makamo 50 na vitoto 90. Ukienda leo utaona namba zimeandikwa kwa rangi ya buluu kwenye magamba. Wengi wanadhani ni pambo la watalii. Namba hizo ni umri wa kobe, na kobe mwenye namba mgongoni si rahisi kumpoteza kimyakimya.

KWAO NAKO NUSURA

Huku Changuu mambo yakienda hivyo, kule Aldabra nako hakukuwa shwari, na hii sehemu wengi hawaijui. Mwaka 1965 Waingereza waliitenga Aldabra pamoja na visiwa vingine, vikiwemo vya Chagos, wakaunda koloni jipya la Bahari ya Hindi. Sababu ilikuwa ya kijeshi. Mpango ulikuwa kujenga uwanja wa ndege za kivita Aldabra. Wanasayansi, wakiongozwa na chama chao cha London, Royal Society, walipiga kelele sana kwa ajili ya kobe na ndege wa kisiwa kile. Novemba 1967, serikali ya Uingereza ikiwa na hali mbaya ya fedha kiasi cha kushusha thamani ya pauni, mpango ukafutwa. Mwaka 1976 Shelisheli ilipata uhuru na Aldabra ikarudishwa kwake. Mwaka 1982 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuna kobe kama 100,000 huko, kundi kubwa kuliko yote ya kobe wa aina hii kubwa.

Habari njema. Lakini kambi ya kijeshi haikufa, ilihamia Diego Garcia, kwenye visiwa vya Chagos. Na Chagos kulikuwa na watu. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wakazi wote wa Chagos waliondolewa, wakapelekwa Morisi na Shelisheli. Kisiwa cha kobe kilipata watetezi wenye majina makubwa, kisiwa cha watu hakikupata. Silaumu kobe, na siwalaumu waliowatetea kobe. Nasema tu kwamba mtu anayesoma historia ya uhifadhi bila kusoma historia ya watu waliohamishwa miaka hiyohiyo anasoma nusu ya kitabu.

HAYA, TURUDI KWENYE "SI WA HAPA"

Hoja ya mwenzetu tuichukue kwa uzito wake, maana si ya kipumbavu. Kuna viumbe vilivyoletwa ambavyo vimetuumiza kweli. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha takataka, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wengine mpaka Dar es Salaam. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akala furu wa ziwa lile mpaka aina nyingi zikapotea. Kwa hiyo kusema kila mgeni akumbatiwe ni uongo.

Ila swali la kuuliza ni huyu mgeni anawafanyia nini wenyeji wake. Kuletwa peke yake hakujibu kitu. Kunguru anaruka kila mahali na kuharibu. Kobe wa Changuu yuko ndani ya uzio, kwenye kisiwa cha mita 800, anakula majani. Tena kuna sehemu kobe wa Aldabra amepelekwa makusudi kufanya kazi ya marehemu. Kwenye kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes, Morisi, mpingo wa kisiwa kile ulikuwa hauna tena wa kumeza matunda yake na kusambaza mbegu, kwa kuwa kobe wa asili walikwisha. Wakaletwa wa Aldabra, wakaanza kula matunda, na miche ikaanza kuota mbali na mti mama. Mgeni kavaa viatu vya aliyekufa, na msitu unapumua.

Pili, je, kuwa "wa hapa" kunamlinda mnyama? Tumwangalie kobe bapa, yule ambaye gamba lake ni jembamba na limelala kama chapati, anayejificha kwenye nyufa za mawe. Huyu ni wa kwetu kweli, Tanzania na Kenya ndiko kwao hasa. Hutaga yai moja kwa wakati. Alikamatwa na kuuzwa nje kwa miaka mingi kama kipambo cha sebuleni, mpaka mwaka 2019 akatangazwa kuwa kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na mwaka huohuo mkataba wa CITES ukampandisha kwenye orodha ya wanyama wasioruhusiwa kuuzwa kimataifa kibiashara wakitoka porini. Uenyeji wake haukumsaidia kitu. Mgeni wa Changuu na mwenyeji wa mawe ya bara, wote wawili wameibwa na soko moja. Soko halikuuliza uraia.

Na tatu, hii ndiyo ninayoipenda. Mwenzetu alisema waliletwa. Sawa, wale wanne waliletwa. Lakini Desemba 2004, kwenye ufukwe wa Kimbiji, hapo hapo kusini ya Dar es Salaam, watu walimwona kobe mkubwa wa Aldabra akitoka baharini kwa miguu yake mwenyewe. Amekonda, na miguuni amegandiwa na vile vidude vyenye magamba magumu vinavyoshika chini ya mashua. Vidude hivyo vinahitaji wiki kadhaa majini ili vikue kiasi kile, kwa hiyo alikuwa ameelea muda mrefu. Watafiti waliochunguza habari hiyo na kuichapisha mwaka 2006 waliona inaelekea alitoka Aldabra, umbali wa kilomita 740. Hakuna aliyemleta. Bahari ilimleta. Chukueni ramani mpime: Aldabra iko karibu zaidi na pwani ya Tanzania kuliko na Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli yenyewe.

Mwezi huohuo wa Desemba 2004, baada ya tsunami, kitoto cha kiboko kilichopoteza mama kiliokolewa karibu na Malindi, kikapelekwa Haller Park, Mombasa. Sisi wa Mpanda kiboko hatusimuliwi, tumewaona wakisongamana kwenye matope ya mto Katuma wakati wa kiangazi, na tunajua hana mchezo. Lakini yule mtoto, aliyepewa jina la Owen, alimfuata kobe mzee wa Aldabra aliyekuwa pale, aliyeitwa Mzee, akawa analala ubavuni mwake. Dunia nzima ilisoma habari ile. Mgeni wa Aldabra akawa mlezi wa yatima wa Sabaki. Sijengi hoja ya sayansi hapo, nasema tu jinsi mipaka yetu ilivyo na matundu.

KATUMBA

Sasa nilichoahidi. Mwaka 1972 watu walikimbia mauaji Burundi wakavuka kuja Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Katumba ilikuwa pori. Wazee wetu walifyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku. Ukitaka kutoka nje ya makazi ulihitaji kibali. Watoto walizaliwa hapo, wakasoma hapo, wakaimba wimbo wa taifa kila asubuhi, na bado kwenye karatasi walikuwa wakimbizi. Mwaka 2007 ndipo watu wakaulizwa: mnarudi au mnaomba uraia? Zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu wakapewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyenyewe vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Hesabu miaka kutoka 1972.

Naomba nieleweke vizuri. Mtu si kobe. Mtu anasema, anadai haki yake, anajenga nyumba na kulipa kodi, na hahitaji kuthibitisha faida yake ili aishi. Siwalinganishi. Ninacholinganisha ni ile sentensi. "Waliletwa, si wa hapa" ni sentensi inayojifanya imejibu swali, kumbe imelifunga kabla halijaulizwa. Inatazama siku ya kwanza tu, siku ya kushuka mashua au kuvuka mto, halafu inakataa kusoma kurasa zote zilizofuata. Kobe wa Changuu wana zaidi ya miaka 100 kwenye kisiwa kile. Vizazi vya kwao vimeanguliwa kwenye udongo wa Zanzibar, na joto la udongo huo ndilo lililoamua nani awe dume na nani awe jike. Sijui uenyeji gani zaidi ya huo mnautaka kwa mnyama.

Historia yao yote kwangu inasema jambo moja. Kuhamishwa kulimwokoa kobe huyu, na kuhamishwa hakukutosha. Kuanzia 1919 hadi 1955 aliongezeka kwa sababu aliachwa kwa amani. Kuanzia 1988 hadi 1996 alikaribia kwisha kwa sababu hakuna aliyejiona mwenye dhamana naye. Alipopata uzio, mlinzi na namba, akarudi. Katikati ya vipindi hivyo mnyama hakubadilika, kisiwa hakikubadilika, asili yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kama kuna mtu aliyesema "huyu ni wetu, nitamhesabu".

Kwa hiyo mkienda Changuu, na mashua zinatoka Mji Mkongwe kila siku, msiwakalie mgongoni kwa ajili ya picha. Wapeni majani yale mnayoruhusiwa na walinzi. Mtu akikuuzia kobe mdogo mtaani, awe wa aina yoyote, usinunue hata kwa huruma, maana huruma yako ndiyo bei ya kobe wa pili. Halafu inama usome namba kwenye gamba. Wale vitoto 90 waliohesabiwa mwaka 2000 ndio kwanza wanaingia umri wa kuzaa miaka hii. Waliolindwa wakiwa saizi ya kiganja ndio sasa wanaanza kuchimba mashimo yao ya kwanza, na mayai watakayofukia humo yatakuwa na wazazi wenyewe wakati sisi tunastaafu. Kazi ya kulinda iliyoanza 1996 haijafika hata kizazi kimoja kamili.

Nirudi kwenye madesa. Salamu kwa wote wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na kwa wa Unguja pia.